Ndoo moja ya tope: mwongozo wa kuzijua aina za tope la kuchorongea visima vya gesi na mafuta

Kila mwaka mafunzo kwa vitendo yakikaribia, simu yangu haitulii. "Shikamoo kaka, eti tope la mafuta na tope la maji lipi bora?" Mwingine ana usaili keshokutwa, ameambiwa akariri aina za tope, na amezikariri kweli, lakini ukimuuliza kwa nini chumvi inaharibu moja na hailiharibu jingine, anakaa kimya. Nimejibu maswali haya kwenye foleni ya Ubungo, msibani, hata kwa kinyozi. Sasa nimeamua kuyaandika.

Huu mwongozo hautakufanya mtaalamu wa tope. Utakufanya uchanganye ndoo moja uani kwenu, uipime, uiharibu kwa makusudi, kisha ndiyo tuzungumze aina. Nimeona vijana wengi wakizielewa aina za tope kwa jioni moja ya kukoroga kuliko kwa mwezi wa kukariri jedwali.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Tope linashushwa kwa pampu ndani ya mabomba, linatokea kwenye kekee, yaani kichwa kinachokata mwamba, chini kabisa, linapanda nje ya mabomba likiwa limebeba chenga za mwamba. Njiani linapoza kekee, linapaka ukuta wa kisima utando ili maji yasivuje kwenda kwenye mwamba, na kwa uzito wake linaizuia gesi isiingie kisimani. Basi.

Vinavyohitajika kabla hujaanza

- Maji safi lita 20. Ya bomba au ya mvua. Usitumie maji ya kisima kama unakaa karibu na pwani. Visima vingi vya Dar upande wa bahari vina chumvi, na chumvi itakuharibia zoezi kabla halijaanza.
- Bentonaiti gramu 600. Ni udongo unaovimba ndani ya maji. Waulize wachimbaji wa visima vya maji, wao huwa nayo kwenye mifuko. Udongo mweupe wa Pugu si bentonaiti. Ule ni kaolini, unafaa kwa vyungu na vigae, lakini ndani ya maji hauvimbi. Kila mwaka lazima mtu aniletee.
- Soda ashi kidogo, gramu 10 zinatosha. Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine. Soda ashi inapatikana kwa wauza malighafi za sabuni.
- CMC gramu 20 hivi. Hii ni ileile ambayo kina mama wanaotengeneza sabuni ya maji wanatumia kuipa mnato. Kwenye visima inatumika daraja tofauti, lakini kwa kujifunza hii inatosha.
- Chokaa ya kuku, kilo moja, iliyochekechwa kwa chekeche la unga. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, na hapa itasimama badala ya baraiti, madini mazito yanayotiwa kwenye tope la visima kuliongezea uzito. Usinunue chokaa ya kupaka ukuta, nitaeleza baadaye kwa nini.
- Chumvi ya mezani, kijiko cha saruji, mbolea ya potashi (potasiamu kloraidi) gramu 50, na dizeli nusu lita.
- Bonge kadhaa la udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata kwenye viatu masika. Likauke juani siku mbili.
- Ndoo mbili, drili yenye fimbo ya kukorogea rangi, mizani ya jikoni, chupa ya lita moja yenye alama, faneli, karatasi za kuchujia kahawa, karatasi za kupimia pH, saa ya simu.
- Barakoa, miwani, glavu. Vumbi la bentonaiti si la kuvuta.

Ukiwa chuo, pale Mlimani kwa mfano, omba kutumia mizani ya tope na faneli ya Marsh (ya kupimia mnato) ya maabara. Ukiwa nyumbani, vya jikoni vitafaa.

Hatua za kufuata

1. Rekebisha maji kwanza. Mimina lita 10 kwenye ndoo. Pima pH. Weka soda ashi nusu kijiko cha chai, koroga, pima tena. Unatafuta 8.5 hadi 9.5. Kazi ya soda ashi ni kuitoa kalisi iliyomo majini, kwa sababu kalisi inaikaba bentonaiti isivimbe. Watu wanairuka hatua hii kwa kuona maji ni maji. Kwenye mtambo wa kuchoronga wanaweza kutumia kostiki soda kupandisha pH. Nyumbani achana nayo. Na siku utakapoishika, kumbuka ni kostiki inayotiwa kwenye maji. Ukifanya kinyume itakurukia usoni ikichemka.

2. Nyunyiza bentonaiti, usiimwage. Washa drili, maji yawe yanazunguka, kisha nyunyiza gramu 600 polepole kama unavyonyunyiza unga wa uji. Ukimwaga kwa pupa, utapata mabonge makavu ndani na yenye ute nje, na mabonge hayo hayavunjiki tena. Koroga dakika 20 kamili. Mkono utachoka, vumilia.

3. Funika, lala. Liache tope usiku mzima. Kipimo cha kimataifa cha bentonaiti kinatumia gramu 22.5 ndani ya mililita 350 za maji, kukoroga dakika 20, kisha kuacha saa 16. Hizo mililita 350 zina hesabu yake: gramu moja ndani yake ni sawa na ratili moja kwenye pipa la mafuta, kwa hiyo maabara inaiga pipa zima ndani ya kikombe. Anayepima tope lake baada ya nusu saa na kulalamika kwamba ni jepesi kama maji, hajakosea kuchanganya. Ana haraka tu.

4. Pima uzito. Asubuhi koroga tena dakika tano. Pima chupa tupu, jaza tope lita moja kamili, pima tena, toa uzito wa chupa. Utapata karibu gramu 1,040, yaani uzito wa 1.04. Kabla ya hapo pima maji matupu kwa chupa hiyohiyo; yasipokupa 1,000 au karibu sana, chupa au mizani yako inadanganya. Hata kwenye mtambo mizani ya tope inahakikiwa kwa maji safi kwanza.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Presha ya tope chini ya kisima ukiitaka kwa bar, zidisha uzito wa tope kwa kina cha wima kwa mita, kisha zidisha kwa 0.0981. Kisima cha mita 3,000 chenye tope la 1.20 kina bar 353 chini yake. Tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Ukikosea uzito kwa 0.1 tu, umekosea karibu bar 29. Tope likiwa jepesi, gesi inaingia. Likiwa zito mno, mwamba unapasuka na tope lote linanyonywa chini. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mtambo wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, walikuwa wanaondoa tope zito na kuweka maji ya bahari mahali pake, huku saruji ya chini haijaziba sawasawa. Watu 11 walikufa. Kwa hiyo mtu wa tope akikwambia ngoja nipime tena, mwache apime.

5. Pima mnato. Faneli ya Marsh inajazwa mililita 1,500, kisha unahesabu sekunde mpaka zitoke 946. Maji safi hutoka kwa sekunde 26. Tope lako likitoka kwa sekunde 35 hadi 45, liko sawa. Huna faneli ya Marsh? Chukua faneli yoyote, pima maji mara tatu, pima tope mara tatu, linganisha. Namba yako haitaeleweka kwa mwingine, lakini wewe utaona mabadiliko, na ndicho tunachokitaka.

Kisha jaza glasi, iache dakika kumi bila kuigusa. Inamishe taratibu. Tope limeganda kama jeli! Koroga kidogo, linarudi kuwa majimaji. Dondosha chembe chache za mchanga kabla ya kuliacha litulie na utaziona zinaning'inia. Pampu ikizimwa kisimani, kuganda huku ndiko kunakozuia chenga zisishuke na kuyakaba mabomba.

6. Pima uvujaji. Weka karatasi ya kahawa kwenye faneli, mimina tope nusu kikombe, subiri dakika 30, pima maji yaliyotoka. Kisha chukua tope lita moja, nyunyiza CMC gramu 3 ukikoroga, acha saa moja, rudia kipimo. Maji yatapungua, na utando kwenye karatasi utakuwa mwembamba na laini. Kipimo rasmi kinatumia presha ya karibu bar 7 kwa dakika 30 hizohizo, na bentonaiti nzuri haitakiwi kuvujisha zaidi ya mililita 15. Utando mnene si sifa. Ukiwa mnene kisima kinabana na mabomba yanang'ang'ania ukutani.

7. Ongeza uzito. Chukua tope lita 3 zenye uzito wa 1.04. Tunataka 1.20. Kwa baraiti, ambayo uzito wake ni 4.2, hesabu kwa kila lita ni hivi: 4.2 mara tofauti ya uzito (0.16), gawanya kwa 4.2 kutoa 1.20. Unapata kilo 0.224, yaani gramu 672 kwa lita 3. Kwa chokaa ya kuku, yenye uzito wa 2.7, weka 2.7 kila penye 4.2: inakuja gramu 864. Nyunyiza polepole, kisha pima. Umeona chokaa inahitajika nyingi zaidi kufika palepale? Ndiyo sababu visima vya presha kubwa vinatumia baraiti.

Sasa ile chokaa ya ukutani. Inayeyuka kidogo, inaachia kalisi, na tope lako linakuwa ugali. Mimi mwenyewe nilishawahi kutuma kijana dukani bila kumweleza vizuri, akaniletea ya ukutani. Drili ilisimama.

8. Liharibu. Hatua ninayoipenda kuliko zote. Chota tope la awali, lita moja moja, kwenye makopo mawili.

Kopo la kwanza tia chumvi gramu 35, karibu sawa na maji ya bahari. Litakuwa nene ghafla, lenye chembechembe, na likikaa utaona maji yanajitenga juu. Ukirudia kipimo cha uvujaji, maji yanatoka ovyo. Kopo la pili tia kijiko cha saruji. Litaganda na pH itaruka juu sana. Hili hutokea kila tunapochoronga saruji iliyowekwa kushika mabomba ya kisima. Tiba yake ni baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi: nyunyiza kidogo kidogo na uone tope likilegea.

9. Glasi tatu. Hapa ndipo aina za tope zinapojieleza zenyewe. Glasi ya kwanza maji matupu. Ya pili maji yenye mbolea ya potashi, gramu 50 kwa lita. Ya tatu dizeli (nje, mbali na jiko, na hakuna kuvuta sigara). Tumbukiza kila moja bonge la udongo wa mbuga, kisha kaa utazame.

Kwenye maji matupu bonge linavimba, linamomonyoka, maji yanachafuka. Kwenye potashi linaweza kumeguka, lakini vipande vinabaki vipande na maji juu yake yanabaki meupe. Kwenye dizeli bonge linakaa vilevile hadi kesho yake. Bonge lile ni ukuta wa kisima kinachopita kwenye sheli, yaani udongo uliokandamizwa ukawa mwamba. Sasa niambie wewe, lipi bora?

10. Chagua aina kwa kukiuliza kisima. Jibu la swali la "lipi bora" ni kisima kinapita wapi. Uliza kwa mpangilio huu.

*Tunaanza tu, juu kabisa?* Bentonaiti na maji, kama ndoo yako. Rahisi, na ikipotea haiumi. Kwenye bahari ya kina kirefu, sehemu ya kwanza kabla bomba kubwa la kurudishia tope halijafungwa huchorongwa kwa maji ya bahari, na kila baada ya muda linasukumwa tope zito la kuzoa chenga. Vyote vinaishia sakafuni mwa bahari.

*Tunapita kwenye chumvi?* Maji matupu yataiyeyusha chumvi na kisima kitakuwa pango. Tumia maji yaliyoshiba chumvi tayari. Hayo peke yake yana uzito wa karibu 1.20. Bentonaiti hapa haikusaidii, umeona mwenyewe kwenye kopo. Mnato unatoka kwa polima (dawa za jamii ya ile CMC yako) au udongo wa atapulgaiti, na uvujaji unazuiwa kwa wanga. Wanga nao una mpaka: joto likikaribia nyuzi 120 unaanza kuharibika.

*Sheli inayovimba?* Potasiamu kloraidi na polima ndiyo ya kujaribu kwanza. Ikishindikana, au kisima kimelala sana na mabomba yanasugua ukuta, au joto ni kali, ndipo tope la mafuta. Usidhani ni dizeli tupu. Ni mafuta yaliyoshikishwa matone ya maji ya chumvi ya kalisi kwa dawa ya kuyaunganisha, na mara nyingi mafuta ni sehemu nane kwa mbili za maji. Ubora wake unapimwa pia kwa umeme: volti zikishuka, ujue maji na mafuta yanataka kuachana.

Tope la mafuta lina hila moja mtu wa gesi lazima aijue. Gesi ikiingia kwenye tope la maji, matangi yanafurika na unaona mapema. Kwenye tope la mafuta gesi inayeyuka ndani, inajificha, kisha inatokeza karibu na juu, wakati muda wako umekwisha. Ndiyo maana hata ongezeko dogo la tope kwenye matangi si la kupuuza.

*Baharini?* Chenga zilizolowa dizeli hazimwagwi baharini. Ndiyo sababu yalikuja mafuta ya sintetiki: ghali, lakini hayana sumu kama ya dizeli. Kwetu, ambapo gesi iligunduliwa kwenye kina kirefu kuanzia 2010, na baadhi ya visima viko chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000, kuna tatizo lingine pia. Sakafu ya bahari huko ni baridi kama ndani ya friji. Maji na gesi vikikutana kwa baridi na presha ile, vinaganda pamoja kama barafu na kuziba mabomba. Tope la maji la huko lazima liwe na chumvi ya kutosha au glaikoli.

*Tumefika kwenye gesi yenyewe?* Badilisha. Baraiti ikiziba vitundu vya mwamba haiyeyuki kwa asidi, lakini unga wa mawe ya chokaa unayeyuka. Kwa hiyo hapa tunatumia polima na chokaa, ileile chokaa yako ya kuku, ila ya daraja lililosafishwa.

*Mwamba mgumu, mkavu, presha ndogo?* Hewa au povu. Ni haraka sana, ila ukikuta maji mengi chenga zinageuka tope la kunata, na ukikuta gesi kwenye hewa una hatari ya moto.

Ukikwama

*Tope halishiki, bentonaiti imelala chini ya ndoo.* Maji yana chumvi au kalisi, au ulichonunua si bentonaiti. Weka kijiko chake juu ya glasi ya maji ya mvua: nzuri inavimba mara kadhaa, kaolini inazama tu.

*Lina mabonge.* Chekecha, anza upya. Kuongeza maji hakusaidii.

*Liko nene mno na hukutia chochote.* Pima pH. Ikiwa juu sana, kuna saruji au chokaa imeingia, labda kwenye ndoo ya fundi ujenzi uliyoazima. Ikiwa kawaida, ongeza maji kidogo kidogo na upime upya uzito kila mara, kwa sababu maji yanaupunguza.

*Chokaa imezama chini.* Tope lilikuwa na mnato mdogo mno kuibeba. Rudisha mnato kwanza kwa bentonaiti iliyokwisha kuloweka, halafu ndiyo uongeze uzito. Usiweke kavu.

*Lina povu na uzito haukai.* Ni hewa iliyonaswa. Koroga taratibu, gongagonga chupa kabla ya kupima.

*Linanuka.* Wanga au polima imeoza. Kwa joto la Dar siku tatu zinatosha. Halitengenezeki. Na usilimwage mtaroni: bentonaiti inaziba mtaro vizuri kuliko taka zozote, na mvua ikija majirani watajua ni wewe. Litandaze kwenye turubai juani mpaka likauke, lifunge kwenye mfuko wa saruji, lipeleke na taka. La chumvi na la potashi lisitupwe kwenye bustani. Dizeli ya glasi ya tatu chuja, weka kwenye chupa yake, mpe fundi wa jenereta. Yeye ana matumizi nayo.